Miwani ya Mshona Kofia wa Temeke

TEMEKE, 1954. Saa mbili asubuhi, Bibi Mwanabaraka binti Shomari amekaa mkekani uani kwake, kofia nyeupe mapajani. Anainama na kuanza kuzungushia uzi kitobo kidogo kama punje ya mtama. Akimaliza hicho, anahamia cha pili.

Usoni ana miwani ya fremu nyeusi. Mtaani wapo wanaomwita karani.

"Waache waite," anasema bila kuinua kichwa. "Mwaka jana kitobo hiki nisingekiona."

Ana miaka hamsini na moja, na kofia alianza kushona tangu kigori. Kofia moja humchukua mwezi mzima, pengine zaidi. Mumewe, Marijani, ni mpagazi bandarini, ambako kuna siku kazi ipo na siku haipo. Siku isipokuwepo, nyumba husimama kwa sindano ya mkewe.

Macho yalianza kumsumbua polepole. Kila mwezi alijikuta anaisogeza kazi mbali zaidi na uso, hadi mkono ukafika mwisho. Cha ajabu, mtu aliyesimama mwisho wa mtaa alimtambua bila taabu.

Alikwenda kwa mganga, akapewa maji ya majani ya kudondoshea. Macho yakavimba, akalala siku kadhaa kafunga kitambaa. Alipopona, uzi ulikuwa ukungu vilevile. Jirani akamshauri apake wanja, nao haukusaidia. Dukani kwa Bandali, hapo mtaani, akaonyeshwa kioo cha kukuzia chenye mpini. Kilikuza vizuri, ila hakikumfaa.

"Mkono huu ushike kioo, huu ushike kofia. Sindano niishike na nini, meno?"

Macho kumsumbua watu walijua, lakini hakumwambia mtu kwamba kazi inamshinda. Aliendelea kushona kwa kupapasa, akiamini vidole vimezoea.

Aliyegundua ni Marijani, alipoona vidole vya mkewe vimejaa matundu ya sindano. Akampeleka hospitali ya serikali. Daktari alimpima, akamweleza kwamba si ugonjwa. Ndani ya jicho mna kioo laini kinachobadilika umbo ili mtu aone vitu vya karibu, na umri ukisogea kioo hicho hukakamaa. Dawa ya kukilainisha hakuna. Tiba ni miwani, na baada ya miaka michache atahitaji yenye nguvu zaidi. Wasioona vizuri hata mbali hupewa ya vioo vya sehemu mbili, lakini yeye hakuihitaji. Akamkataza kudondoshea chochote tena.

Siku aliyorudi na miwani, ndani mlikuwa na kofia ya Mwalimu Nassibu, anayefundisha Kurani mtaa wa pili, iliyoletwa kufuliwa. Bibi Mwanabaraka aliishona mwenyewe mwaka uliotangulia. Sasa ndiyo kwanza anaiona. Maua ya upande mmoja yamekwenda mshazari, na vitobo vingine havikuzungushiwa uzi kabisa.

"Nililia," anasema. "Kila Ijumaa kaivaa mbele za watu, na wote wanajua nani kaishona."

Akaenda kumwomba radhi na kumtaka amwachie aifumue. Mwalimu akamjibu kwamba kasoro aliziona tangu siku ya kwanza.

"Mbona hukuniambia, mwalimu?"

"Ningekwambia, ungeacha kushona."

Jibu lile, anasema, lilimuuma kuliko kasoro zenyewe. "Alinihurumia, Mungu amlipe. Lakini angenena, ningekwenda hospitali mapema."

Tangu hapo amekuwa akipita kwa wateja wake wa kipindi kile, akiwaomba wamrudishie kofia azishone upya. Wengine wamempa. Kijana mmoja amekataa katakata, kwa sababu ndiyo aliyoolea.

Sasa kinachomshughulisha ni shoga yake wa tangu utoto, Chausiku, ambaye siku hizi husikiliza tu wenzake wakisoma msahafu, yeye akidai utu uzima umeshamfikia. Kila akiambiwa habari ya hospitali hubadilisha mazungumzo.

Bibi Mwanabaraka hataki kumhurumia kwa kunyamaza. Alhamisi atakwenda kwake.

"Mie sibishani naye tena. Namvalisha miwani yangu hii, naufungua msahafu mbele yake, kisha nanyamaza," anasema. "Akishasoma aya moja mwenyewe, atanitafutia buibui langu tuondoke."