Fisi wa Akinyi na Yule Mama wa Mlangoni

Wapo watakaosema niliota. Sikuota. Ilikuwa saa tisa mchana, jua linawaka, nami niko macho kabisa kwenye kibanda changu cha kushona makochi huku Kayole.

Binti yangu Akinyi alikuwa amechaguliwa awe fisi katika mchezo wa shule. Akinyi ni mtoto wa haya. Hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Lakini aliniambia kwamba akiwa ndani ya kichwa cha fisi ataongea. Ningekataa vipi? Nikachukua sponji ya makochi, gundi na kitambaa cha manyoya, nikakitengeneza hicho kichwa. Na niamini, nilikosea kila mahali. Kichwa kilivimba kama cha mtu mwenye matumbwitumbwi. Akinyi alikijaribu saa ya chakula cha mchana, akapiga hatua tatu, akagonga mlango, akakivua akihema.

"Mama, sioni. Na sipumui."

Akarudi shuleni akilia. Mchezo ulikuwa kesho yake.

Nilikuwa nimekipakata, nataka kukitupa, mwanamke nisiyemjua aliposimama mlangoni. Mrefu, mabega yameinuka, leso kichwani. Mbwa wa jirani, ambaye hubwekea hata upepo, alijificha chini ya kochi akajikojolea.

"Huyo fisi ni mgonjwa?" akauliza.

Nikacheka, nikamweleza habari za Akinyi na mchezo wa shule. Akaketi bila kukaribishwa, akakipapasa. "Manyoya umeyalaza kinyume, fundi. Yaanze puani yakirudi nyuma. Macho umeyapeleka kando kama ya mbuzi, yalete mbele. Na mdomo umeufunga kwa nini? Mtoto atapumulia wapi?"

"Mimi sijawahi kumwona fisi karibu."

"Lete mkono."

Akauweka shavuni pake. Sasa sikiliza. Nilihisi mfupa ukisogea chini ya ngozi, polepole, taya likirefuka mpaka likajaza kiganja changu. Lilikuwa na joto. Mbona sikupiga kelele? Hata leo sijui. Alinitazama kwa upole, kama mama anayemfundisha bintiye kusuka nywele. Nikafumba macho, nikapapasa, nikajua kila kitu kinapokaa.

Nilipoyafumbua alikuwa mwanamke tena, anaondoka.

"Kwenye huo mchezo fisi anafanywa nini?"

"Anadanganywa na sungura, watu wanamcheka."

Akageuka mlangoni. "Mwambie mtoto asiogope kuchekwa. Sisi hucheka kwanza."

Nilibandua manyoya yote. Nikayakata upya kwa wembe, upande wa nyuma wa kitambaa ili nywele zake zisikatike, nikayabandika yakirudi nyuma, nikayapunguza usoni, nikayaleta macho mbele, nikaupasua mdomo na kuweka wavu mweusi ndani. Kesho yake Akinyi alipanda jukwaani akaangua kicheko ambacho kiliwainua wazazi wote vitini. Nililia kama mjinga.

Yule mama sijamwona tena. Kiganja changu cha kulia hadi leo kina moto kuliko cha kushoto; Akinyi hupenda kukishika tukienda sokoni. Nawe uliye fundi, nakuonya: mgeni akikosoa kazi yako, msikilize. Lakini akikuomba mkono, fikiria kwanza, maana utamkumbuka maisha yako yote.