Mkanda wa Mgomba

Jamani, aibu nyingine mtu huzizoea, lakini ile ya siku ya wazazi nikiikumbuka bado najifunika uso, na leo nawasimulia kwa sababu tu mmenibana.

Nilikuwa kidato cha pili, Bukoba, miaka ile ya kujitegemea, na mwalimu wetu wa hisabati, Mjapani mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata tukimkosea, alikuwa ametufundisha judo wiki sita tu. Suti tulishonewa za kitambaa cha amerikani, ila mikanda ya kushikilia koti na suruali haikuwepo. Mwalimu mkuu akasema, "Tujitegemee! Migomba imejaa hapo nyuma." Basi tukachuna kamba za mgomba.

Sasa, kwetu hata mtoto mdogo anajua kamba ya mgomba huloweshwa kwanza ndipo ufunge. Nilijua! Lakini suti ilikuwa nyeupe pe, na kamba iliyolowa ingeitia doa, nami nilitaka kung'aa mbele ya Tata (baba yangu, aliyekuja na mama kwa basi kutoka Muleba, na aliyeapa kwamba akiona ni mchezo wa kihuni nitaacha siku hiyohiyo na kila Jumamosi nitarudi kupalilia). Nikafunga kavu.

Tukaingia uwanjani, nyasi zimetandazwa nene kama tunavyozitandika sebuleni kwetu. Nikamwinamia mpinzani wangu Rwegasira kwa heshima kama tulivyofundishwa, nikasikia kiunoni "krrr", nikajifanya kiziwi. Tukashikana, tukavutana, mkanda ukakatika pa! Suruali ikashuka hadi miguuni, ikabaki kaptula yangu ya shamba yenye viraka vya maua mekundu.

"Yesu wangu, gauni langu!" mama akapiga kelele (ndiyo, viraka nilivikata humo bila kuuliza).

Nikainama kuivuta, na Rwegasira, aliyeambiwa asiachie mtu, akanirusha, nikabingirika na suruali imenifunga miguu mpaka mbele ya Tata mwenyewe. Watu walicheka hadi wakalia. Hata Mwalimu alijifunika mdomo kwa kiganja. Tata hakucheka. Akainuka, akaondoka, na moyo wangu ukaniuma kweli, nikajua judo imekwisha.

Kumbe alikwenda jikoni kwa wapishi. Akarudi na kamba inachuruzika maji, akanifunga kiunoni fundo lilelile la kufungia mzigo wa ndizi, na doa likaenea kwenye suti yangu yote.

"Unafundishwa kuangusha watu, umesahau kulowesha kamba?"

"Nisamehe, Tata."

"Rudi. Ukimwangusha huyo, endelea na mchezo wako. Ukishindwa, Jumamosi nakungoja na jembe."

Nilimwangusha, tena vizuri! (Sitawadanganya, Rwegasira alikuwa bado anacheka, hana nguvu.)

Jumamosi iliyofuata Tata alipanda basi tena, safari hii na mzigo wa kamba alizozilowesha mwenyewe, mikanda ya darasa zima, na Mwalimu akamwinamia hadi chini. Doa halikutoka mpaka namaliza shule. Nami tangu siku ile sifungi kitu kwa kamba kavu, hata kuku, na kaptula ya ndani naikagua kwanza.