Udongo Nyuma ya Waya

Niliondoka Nairobi kwa sababu ya simu moja. Min Akinyi, mfinyanzi wa bonde la Lambwe ambaye vyungu vyake nimevionyesha mara nyingi, alisema tu, "Nyathina, mwanangu, wameweka waya kwa udongo yetu." Mwekezaji fulani alikuwa amekodishiwa ukingo wa kijito ambako wanawake wa pale wamechimba udongo tangu enzi za nyanya zao. Mimi huandaa maonyesho ya sanaa, na siku hizi wenzangu hunitania kwamba nimegeuka mwanaharakati. Wacha wanitanie. Bila udongo ule, Min Akinyi angebaki na mikono mitupu.

Migori ndiko nilikoanzia, kwa Hassan, muuza vyungu na mikeka mwenye pikapu. Mji ulikuwa umeamka zamani, bodaboda zikipishana, lakini mimi niliuona kama mtu ambaye bado anaota.

"Mimi si mtu wa maandamano," Hassan aliniambia akikaza turubai. "Lakini vyungu ikiisha nitauza nini, dada? Ndoo za plastiki?"

Baada ya Rongo ukungu ulilala juu ya miwa, na barabara ikawa inatokea kidogo kidogo mbele yetu. Rodi Kopany tulisimama kunywa chai. Nilitamani safari isiishe, kwa kuwa nilijua kinachonisubiri.

Tulifika Lambwe jua likiwa utosini. Vyungu vilivyochomwa jana yake vilikuwa bado kwenye majivu, vyenye joto la mwili wa mtu. Min Akinyi akanishika mkono mpaka kijitoni. Nguzo nne, waya, na nyuma yake udongo mwekundu uliolowa. Akapenyeza mkono, akamega donge, akalinusa macho yamefumbwa. Nililia, wala sikujificha.

"Usimalize machozi," alisema. "Homa Bay kuna kazi."

Homa Bay, kesho yake, tulipewa ukumbi unaotazama ziwa kwa maonyesho ya siku moja. Afisa wa ardhi alikuwa ameahidi kuja, na neno lake ndilo lingeamua mambo ya ule ukingo. Nilipanga vyungu kwenye mwanga wa dirisha, nikazungushia kamba kama nifanyavyo siku zote. Kisha nikarudi nyuma kutazama. Nguzo nne na kamba. Nikaifungua, nikaitupa nje.

Watu wakaingia, wakashika, wakagonga vyungu kwa vidole kusikiliza mlio. Kila chungu kiliitika kwa sauti yake, na ukumbi mzima ukavuma polepole mpaka nikasahau niko wapi.

Afisa alipofika, aliinua chungu kikubwa kuliko vyote atazame chini yake. Kikamponyoka.

Vigae vikatawanyika sakafuni.

"Pole sana, mama," alisema. "Sikukusudia."

Min Akinyi alichutama, akakusanya vigae kwenye leso yake bila haraka. "Hii si hasara, mkubwa. Chungu ikivunjika tunasaga vigae, tunachanganya na udongo mpya, ndio chungu ya kesho isipasuke kwa moto." Akamkabidhi lile furushi mikononi. "Sasa vigae niko nayo. Udongo nitatoa wapi?"

Yule bwana alisimama na leso kifuani, akitazama ziwa. Nilidhani angetoa hotuba.

"Huko kwa udongo ni mbali?" aliuliza.

"Na hiyo gari yako, si mbali."

Mchana ule waliondoka pamoja, vigae vikiwa mapajani mwa afisa.

Nilirudi Nairobi bila ahadi yoyote. Njia nzima nilisinzia, na kila niliposinzia nilisikia vyungu vikivuma. Wiki zikapita, nikaanza kuogopa kupiga simu. Kisha Hassan akanitumia mzigo uliofungwa kwa nyasi kavu, na ujumbe mfupi: "Waya imetoka."

Ndani mlikuwa na chungu kipya. Ukikisogeza kwenye mwanga, unaona chembe nyeusi zilizotawanyika katika ule wekundu: kile kilichovunjika kimo humo. Nimekiweka mlangoni mwa ukumbi wangu, bila kamba. Wageni husimama hatua mbili nyuma na mikono mgongoni, kama tulivyowafundisha sisi wenyewe.

Nawaambia wakishike. Kikivunjika, najua pa kukipeleka.