Wanne wa Januari Mosi

Dévote aliisoma barua ya ofisi ya uchaguzi mara mbili, akaisukuma mbali kama sahani iliyotuliwa na nzi. Raia mwema, ilisema, amelalamika kwamba nyumba yao ya Garland, Marekani, ina wapiga kura wanne, wote wamezaliwa Januari mosi, na hakuna wawili wenye jina moja la ukoo. Kila mmoja aje mwenyewe na cheti cha uraia ndani ya siku thelathini, la sivyo atafutwa daftarini.

Raia mwema, loo! Kule kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, Mrundi asiyejua siku yake ya kuzaliwa karani alimwandikia Januari mosi na kumwita anayefuata. Na Mrundi kila mtoto humpa jina lake mwenyewe, si la ukoo. Hilo nalo ni kosa?

Bi Fanny, jirani Mmarekani mweusi wa miaka themanini na mitano, aliguna. "Mwanangu, baba yangu alilipishwa kodi ndipo apige kura jimbo hili hili. Tuliandamana mpaka ikafutwa. Hawa watu hawachoki."

Dévote akaomba ruhusa kwenye ghala anakofanya kazi, akaenda ofisini na mumewe Vénant na kijana wao Bertrand. Ukutani ilining'inia picha ya waandamanaji wa enzi hizo, fremu inang'aa. Chini yake karani akawauliza, huku akicheka, kama keki ya kuzaliwa huwa ni moja.

Dévote hakucheka. Aliomba kuona malalamiko. Yaliletwa na jirani yao, bwana mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwao, na ushahidi wake ni kwamba alihudhuria sherehe. Kweli alihudhuria! Kila mwaka mpya wanasherehekea kuzaliwa kwao wote wanne, na Vénant kwa ukarimu wake usio na breki hualika mtaa mzima. Bwana yule alikula, akaongeza, akafungiwa na ya kwenda nayo.

"Nilimpakulia kwa mkono huu," Dévote alisema. Akaupangusa mkono huo kwenye sketi.

Watatu walibaki daftarini. Carmen, binti yao, anasoma uuguzi Houston na kufanya kazi hotelini. Meneja alimnyima ruhusa mpaka siku zikaisha. Akafutwa, na miaka yake ishirini, hajapiga kura hata moja.

Dévote akampigia simu. "Jiandikishe upya, mwanangu. Nitakuja tu-apply pamoja."

"Mama, wabaki nayo kura yao. Nina mtihani."

Simu ikakatika. Dévote alichefukwa kuliko siku ya barua. Yule bwana sasa angeweza kupumzika. Mtoto alikuwa amejifuta mwenyewe.