Msomaji wa Pili

Wiki iliyopita, kwenye steshenari ya Iyunga ninakochapa kazi za watu, mwanafunzi mmoja wa udaktari aliniletea kazi yake. Alikuwa amekusanya tafiti za wengine kuhusu dawa za kikohozi cha watoto, ili aseme ipi inafaa. Mwanangu alikuwa mgongoni akikohoa, basi nilichapa kwa makini, hata orodha ndefu ya tafiti zenyewe.

"Dada, ongeza hapo: kila utafiti ulisomwa na watu wawili."

"Wa pili ni nani, kaka?"

"Mkutubi wetu alitufundisha lazima wawe wawili, mmoja amkosoe mwenzake. Si wewe umezisoma ukichapa?"

"Mimi niliishia darasa la saba. Na nimesoma vichwa vya tafiti hizo tu."

Akacheka, kidole kikigonga skrini. "Basi tuko sawa, hata mimi nilisoma vichwa. Chapa, dada, nawahi."

Nikachapa, bila kukosea herufi hata moja.

Jumatatu nampeleka mtoto kliniki. Naona aibu kuwauliza wakubwa maswali, lakini nikiambiwa dawa hii imethibitishwa na utafiti, nitauliza kwa adabu msomaji wa pili alikuwa nani.