Alama Yangu ya Unahodha

Miaka ya tisini, mwalimu wetu wa historia kule Minneapolis alikuwa na mchezo aliojivunia. Alitugawia vyeo katika kampuni kubwa ya Kizungu, ile aina iliyokuwa na meli zake, askari wake na hata mahakama zake huku kwetu Bahari ya Hindi. Huyu mkurugenzi, yule karani wa ghala. Mimi, binti pekee wa Kitanzania darasani, nikaangukiwa na unahodha. Nilibeba nguo, mchele na watumwa mia moja na ishirini, na maji ya kunywa yalikuwa yanakwisha. Karatasi ya maelekezo ilitoa njia mbili: kurudi bandarini na kukatwa alama kwa kuchelewa, au kupunguza shehena.

Nisingepata A, ufadhili wangu wa chuo ungekatika na ningerudishwa nyumbani. Tena mimi ni zao la shule za kwetu, nilifundwa nikafundika: mwalimu akiuliza, mpe anachotaka kusikia. Nikakaa maktaba na koti langu la theluji, nikawaandikia wakurugenzi barua ya adabu, yenye “naomba kuwaarifu” na “mtumishi wenu mtiifu”. Watu arobaini niliwatosa baharini kwa sentensi moja. Mchele nikaubakiza wote. Lo, nilivyokuwa hodari!

Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. “Hivi hasa ndivyo walivyoandika,” akasema kwa furaha, na wenzangu wakapiga makofi. Nami nikatabasamu. Mwalimu yule ananichukiza mpaka leo, ila hanichukizi kama binti aliyeandika barua ile.

Nilirudi New Hope, kitongoji cha palepale Minneapolis, kwenye nyumba niliyopanga pamoja na dada mmoja Mkenya aliyekuwa akiogesha wazee wasiojiweza. Nilimkuta anasonga ugali, sare ya kazi bado mwilini. Nikamsimulia mchezo mzima, nikampa barua na yale maelekezo. Nilitaka anisifu, labda ningejiona sina kosa. Akaepua sufuria, akasoma vyote amesimama.

“Aki wewe! Si hapa wamesema ungerudi tu?”

“Ningekatwa alama, dada.”

“Alama.”

“Ni mchezo tu.”

Alinirudishia karatasi akizishika kwa ncha za vidole, akaenda kunawa mikono kwa sabuni, ndipo akapakua chakula.