Gari la Buluu Ukutani

Kuchora sikufundishwa na mtu. Rangi za dukani zilipoadimika, baada ya Wahindi wenye maduka kufukuzwa nchini, nilijitengenezea zangu: udongo mwekundu wa Kyebando, masizi ya sufuria, na buluu ya kufulia nguo. Nilizikoroga na utomvu wa mgomba, ule unaoharibu nguo za kila anayemenya matoke. Ukishakauka hautoki. Nilijivunia sana ujanja huo.

Mama mmoja Mkongo aliyekuwa na baa Kansanga aliniomba nimchoree ukutani barabara yake jinsi ilivyo. Nikachora vumbi, mikungu ya ndizi, wanawake na magauni yao marefu ya gomesi, na gari la buluu lisilo na namba, lililozoea kusimama pale nje. Kila mtu alijua magari yale huchukua watu wasirudi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini miaka ile tuliamriwa tusitazame. Mimi ile buluu ilinishinda, nikaitazama.

Wenye gari waliingia mchana, wawili, na bunduki zao.

"Nani nachora hii gari?"

"Mimi, afande."

Mkubwa wao akaagiza bia. "Futa. Mimi namaliza hii chupa, gari bado iko, mkono yako nakwisha."

Nilisugua kwa maji, kwa sabuni, kwa majivu. Vumbi lililotanda juu ya picha lilitoka, gari likazidi kung'aa. Yule mdogo akadhani namfanyia kiburi. Akanipiga kitako cha bunduki mgongoni, kisha kinywani. Niliendelea kusugua huku nikitema damu. Niliuchukia utomvu wangu.

Mama akaniletea jembe. "Kata tu, mwanangu. Ukuta ni yangu." Nikaukata ule ukuta wa tope kama mwendawazimu mpaka zikabaki fito tupu. Kwenye chupa bado palikuwa na bia kidogo. Nikashusha pumzi, mjinga mimi.

Afande akainuka, akavikanyaga vile vipande, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia, taratibu, akaulaza juu ya kaunta. Mama alipiga magoti akimsihi.

"Ukuta nasahau," akamwambia. "Hii mkono bado nakumbuka kuchora."

Aliuponda kwa kitako cha bunduki mpaka vidole vikaacha kunitii, akarudi kitini kumalizia bia yake. Namchukia hadi leo.